Treni imeninyang'anya kisingizio

Ijumaa moja mwezi wa tisa mwaka jana nilifika kwangu Kivule, Dar, saa nne na ushee usiku, nimeshuka treni Pugu nikachukua bodaboda, begi mgongoni, mfuko wa zabibu za Dodoma mkononi. Nagonga geti, mbwa akaja mbio akanibwekea. Na sio kule kubweka kwa kumpokea mtu, ni kubweka kwa kumaanisha, mpaka jirani akawasha taa ya nje. Yaani nimesimama mbele ya geti nililomlipa fundi kwa awamu tatu namwambia mbwa "tulia, ni mimi", na mbwa ananiangalia kama vile anajiuliza huyu jamaa anajiamini nini. Dada wa kazi akaja na funguo, nyuma yake Junia, mwanangu wa mwisho, wakati huo ana miaka minne na alitakiwa awe amelala saa nyingi. Akamshika mbwa shingoni akamwambia, "Simba acha, ni baba tu."

Ni baba tu.

Usiku ule nilicheka. Mbwa aliletwa na shemeji yangu mwezi wa saba baada ya vibaka kuruka ukuta wa jirani, na kwa vile shemeji ni mnazi wa Simba na mimi ni Yanga jina lilipita bila mimi kuulizwa. Nilipewa taarifa kwa picha wasap. Kwahiyo mbwa hana kosa, ameletwa sipo, amepewa jina sipo, harufu yangu ataijulia wapi. Ila lile neno "tu" lilinikaa, nikalala nalo, na nafikiri haya ninayoandika leo yalianzia pale getini.

Mimi ni mtumishi wa serikali wa kawaida kabisa, kada ya uhasibu, wizara naiacha. Wa rika langu mnaikumbuka Julai 2016, Rais Magufuli anatangaza kwamba sasa serikali inahamia Dodoma kweli kweli. Sisi ofisini tulicheka kidogo, maana habari ya kuhamia Dodoma tumeisikia tangu hatujazaliwa, TANU walishaamua mwaka 1973 na bado mafaili yalikua Posta hapa Dar. Septemba mwaka ule ule Waziri Mkuu Majaliwa akahamia, kicheko kikakata. Zamu yangu ilifika 2017, tukafungasha tukaanzia kwenye majengo ya chuo pale UDOM, baadae ndo tukahamia Mtumba, mji wa serikali, ambako mwanzoni upepo ulikua unapiga vumbi mpaka kwenye chai.

Neema, mwanangu wa kwanza, alikua na miaka miwili. (Sio jina lake, nimembadilishia, na Junia mtaani wako wengi kwahiyo hatambuliki.) Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dar. Sasa najua wapo watakaosoma hapa na kidole kishaanza kuandika "si ungehama na familia mkuu". Tulijaribu. Aliomba uhamisho mara mbili, wa kwanza ulikataliwa kwa sababu shule yake ina upungufu wa walimu, wa pili haukujibiwa mpaka leo. Alafu nyumba ndo tulikua tumepandisha mpaka kwenye lenta, mkopo unakatwa kwenye mishahara yote miwili, na mama mkwe yupo Buza na presha yake anahitaji mtu wa karibu. Ukiyapanga hayo yote unaona kabisa kwanini tulisema baba atangulie, sisi tutafuata. Huu mwaka wa nane natangulia.

Miaka ile ya basi ilikua mateso. Dar na Dodoma ni kama kilometa 450, basi linakula masaa nane mpaka tisa, na usiku yalikua hayaruhusiwi kutembea, zuio limekuja kuondolewa 2023. Maana yake Ijumaa ukitoka kazini huna usafiri, unasubiri basi la Jumamosi alfajiri, Morogoro mnasimama mtu ajisaidie na ale chipsi zilizolala, ukifika Kibaha foleni, Mbezi foleni, unaingia nyumbani saa kumi jioni miguu imevimba. Jumapili saa tano asubuhi uko tena kwenye siti. Ukipiga hesabu unatumia masaa kumi na nane barabarani kwenda kukaa nyumbani masaa kumi na tisa, ambayo nane umelala. Nilikua naenda mara moja kwa mwezi, nikijitahidi mara mbili, na hakuna mtu alinilaumu. Mama mzazi akinipigia ananiambia "pole mwanangu na utafutaji". Hata mke wangu alikua ananionea huruma.

Junia alizaliwa Februari 2020 mimi niko Dodoma kwenye kikao cha bajeti. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa baba angalau siku 3 za likizo ya malipo, na azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mama anapata 84, wakiwa mapacha 100. Sina ugomvi na za mama, aliyebeba ni yeye. Ila hebu piga hesabu hizo 3 kwa mtu aliye Dodoma: siku ya kwanza basi, limeingia Ubungo jioni, siku ya tatu basi la kurudi. Katikati siku moja. Majirani zetu Wakenya sheria yao ya 2007 inatoa wiki 2, nikawa nawaambia watu ofisini kwamba ningezaliwa Taveta ningemjua mwanangu. Utani wangu ulipendwa sana ule. Nimeutumia miaka.

Basi, Julai 2024 treni ya SGR ikaanza safari za Dar Dodoma. Sitaki kuisifia treni hapa, mshaisifia vya kutosha, lakini kwangu ilikua kama vile mtu kaikunja ile barabara. Ijumaa natoka Mtumba, jioni niko stesheni, nauli ya kawaida ilikua 31,000, masaa manne hivi niko Pugu, na Kivule kutoka Pugu sio mbali. Jumapili jioni narudi. Wiki ya kwanza nilikua na furaha ya kitoto, nilimpiga picha kila mtu na kila kitu. Nikamwambia Mama Neema, sasa wikiendi zote nipo. Akasema "tutaona", akawa anaendelea kupepeta mchele.

Na kweli nilikua nipo. Ijumaa usiku nafika wamelala, au wanajilazimisha kukesha wanisubiri alafu wana usingizi wanalia lia. Jumamosi asubuhi nalala mpaka saa nne kwa sababu wiki nzima nimechoka, nikiamka kuna fundi bomba, kuna kikao cha ukoo, kuna msiba Gongo la Mboto, kuna mtu ananidai tofali. Jioni kuna mechi. Jumapili kanisani, tunarudi tunakula, saa nane naanza kukunja nguo. Na kwenye hizo nafasi katikati nimekaa kwenye kochi na simu. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nauli ya kwenda na kurudi mara nne kwa mwezi ilikua 248,000, hela ya kueleweka hiyo, nilikua nailipa kuja kukaa kwenye kochi langu na kuangalia simu ambayo ningeweza kuiangalia nikiwa chumbani kwangu Ilazo, Dodoma, bure.

Hapo ndo nikaanza kushtuka. Miaka saba nilikua namwambia kila mtu, na mimi mwenyewe nikiwemo, kwamba tatizo ni umbali. Sasa umbali umekatwa zaidi ya nusu na mimi nimebaki vile vile.

Ngoja niseme kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu, na mke wangu akisoma tutaongea. Jumapili jioni treni ikishaanza kutembea, tukiipita Soga pale giza linaingia, nilikua nasikia nafuu. Sio kwamba siwapendi. Ila Dodoma nina chumba na choo chake, kimya, nikitoka kazini nakaa na washkaji tunakula nyama, hakuna anayeniuliza kitu zaidi ya "mheshimiwa ndizi au ugali". Kule mimi ni mtu ninayejua kazi yake. Nyumbani nilikua kama mfanyakazi mgeni wiki ya kwanza, sijui vikombe vinakaa wapi, sijui kwanini Junia hataki maziwa kwenye kikombe cha kijani, nikimpa analia, dada anakuja anahamishia kwenye chekundu anakunywa, wananiangalia wote wawili. Nani anapenda kuonekana mjinga kwake? Unarudi kwenye simu.

Mzee wangu alikua Urafiki, kiwanda cha nguo pale Ubungo tulichojengewa na Wachina miaka ya sitini. Tulipanga Manzese, kwahiyo alikua anaenda na kurudi kwa miguu. Jioni yupo, kila siku ya Mungu yupo, labda awe shifti ya usiku. Lakini ukiniuliza tuliongea nini mimi na yeye miaka yote ile, nashindwa. Anakaa kwenye kiti chake cha kamba, anawasha redio, saa mbili usiku taarifa ya habari RTD inaanza na hapo hata mbu anatakiwa kunyamaza, alafu yanafuata Mazungumzo Baada ya Habari, alafu anakula, alafu analala. Sisi tulikua tunapita kwa kunyata nyuma ya kiti. Kwa vipimo vya sasa hivi vya mtandaoni yule ni baba ambaye yupo ila hayupo, na mimi kwa miaka mingi nimemhesabu hivyo.

Ila kuna jambo. Kila Jumapili usiku, baada ya habari, alikua anasema "leteni". Tunaleta penseli zetu, wote watoto wanne. Anatoa wembe, ule wa kunyolea uliokwisha makali ya kidevu, ameuvunja nusu akaufungia kitambaa upande wa kushikia, anazichonga moja moja. Polepole sana. Ncha inatoka ndefu, nyembamba, mbao zimekatwa kama petali, wala hazifanani na ncha ya kichongeo ambayo inavunjika ukiandika tarehe tu. Anajaribia kwenye ukingo wa gazeti, anachora kimstari, anakuangalia, anakupa. Alikua anajua kwamba mimi naandika kwa kukandamiza kwahiyo yangu aliacha risasi nene kidogo. Dada yangu ya kwake nyembamba. Hakuwahi kusema, mimi nimekuja kugundua nikiwa mkubwa kabisa, kwamba mzee alikua anajua mikono yetu. Sijui alikua anapekua madaftari saa ngapi.

Nimelifikiria sana hilo la kukandamiza penseli. Maana mwezi wa tatu mwaka huu ilinikuta.

Nilifika Ijumaa, Neema hajalala, ananikabidhi karatasi za mitihani kama kawaida. Hapo lazima nieleze utaratibu wa nyumba yetu ulikua vipi. Wiki nzima mama ndo polisi, na kesi ambazo zimemshinda anasema "ngoja baba yako aje Ijumaa". Kwahiyo mimi nikifika nakuta mafaili. Nani kamwaga mafuta, nani kamtukana dada, nani kapata ngapi. Nasikiliza dakika kumi natoa hukumu. Hakimu wa Ijumaa. Kiukweli nilikua naipenda kazi hiyo, ndo sehemu pekee ambayo nilikua najua cha kufanya. Neema yuko darasa la nne, mwaka wa upimaji wa kitaifa, na mimi nilishatangaza kwamba mwaka huu hakuna mchezo. Naangalia: hisabati 31. Sayansi 40. Mtoto ambaye alikua anapata themanini.

Nikamsema. Nimemsema kwa sauti ambayo najua mnaijua, ile ambayo hata baba mwenyewe anajisikia anavyoizidisha na hawezi kushuka. Nauli ninayolipa, jua la Mtumba, mkopo, mama yako anavyosimama darasani kutwa, yote nikayamwaga juu ya mtoto wa miaka kumi saa nne usiku. Hakulia. Amesimama tu ameficha mkono wa kushoto nyuma, na mimi nikasema "na huo mkono unaficha nini, hebu lete hapa". Akauleta. Juu ya kiganja kuna plasta, na pembeni ya plasta ngozi imekua ya kijani na zambarau, kile kidonda cha sindano ya dripu.

Alikua amelazwa. Jumatatu usiku, wiki ile ile ya mitihani, homa ilipanda, malaria, amelala hospitali usiku mmoja amewekewa dripu, Jumanne mchana katoka, Jumatano kasema anataka kwenda kufanya mtihani, kaenda. Na mimi siku zote hizo nimeongea nao! Jumanne usiku nimepiga vidio koli, nimeongea na Neema dakika nne, nimemuuliza umekula, umeoga, unasoma, kasema ndio. Mnajua vidio koli ya mtoto ilivyo, unaona paji la uso na dari. Nimeangalia paji la uso la mwanangu na bati za dari langu, nimesema usiku mwema, mkono wenye plasta ulikua chini ya skrini.

Nikamgeukia Mama Neema. Hakupaza sauti. Akasema, "Baba Neema, ungekuja? Ungefanya nini? Tukaona tusikusumbue."

Nimejaribu kuikasirikia hiyo sentensi nimeshindwa. Maana sio kwamba alinificha kwa ubaya. Nyumba ilishajifunza. Ni kama ile njia ya mkato ya watu wanaopita kwenye kiwanja chako kwa sababu hujajenga, hakuna aliyekaa kikao kuamua, wamepita tu mara moja, mara mbili, majani yamekufa, imekua njia. Homa, ada, mbwa, kutapika, jino kung'oka, ndoto mbaya, vyote vilikua vinapita pembeni yangu, na kwangu inakuja taarifa kama inakuja. Usiku ule nilipitia wasap yetu mimi na yeye, nikarudi nyuma mpaka miezi. Sms yangu ya kutuma hela. Yeye "Imeingia". Mimi "Sawa". "Umekula?" "Ndio, wewe?" Hela. "Imeingia". Hela. "Imeingia". Picha ya mbwa. "Imeingia".

Nilimuomba Neema msamaha asubuhi. Kwetu sisi hilo jambo halina hata maneno yake, mzee wangu hakuwahi kumuomba mtoto msamaha na angeona dunia imeisha. Nilimkuta uani anaosha viatu vya shule, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikasema "Neema, jana nilikosea". Akasema "haya" akaendelea kusugua kiatu. Nikabaki nimekaa pale. Baadae akanisogezea kiatu kingine na brashi. Ndo maongezi yote hayo, nisiwadanganye kwamba alinikumbatia.

Mama Neema ndo ilibidi niongee nae kwa kirefu, na mazungumzo hayakuwa mazuri yote, kuna mambo aliyaweka akiba miaka nane. Moja nitasema: alisema mimi nikija wikiendi ratiba inavurugika. Nawapeleka kula chipsi kuku, wanalala saa tano, Jumatatu hawaamki, na yeye ndo anabaki anawapigia kelele, kwahiyo baba ni sikukuu na mama ni shule. Nilijitetea kwamba si nawafurahisha. Akasema "hata mjomba anawafurahisha". Mwisho nikamuuliza swali ambalo naona ningemuuliza 2017, nikasema nipe kazi moja ya hawa watoto iwe ya kwangu kabisa, nikiwa Dodoma iwe yangu, nikishindwa iharibike, usinisaidie. Alifikiri kidogo akaanza kucheka. Akasema "Chukua grupu la wazazi".

Asiyejua grupu la wasap la wazazi wa darasa la nne ashukuru Mungu. Kuna mchango wa uji, kuna karatasi za rimu, kuna masomo ya ziada, kuna nani mtoto wake kaleta chawa, kuna sweta limepotea lina jina la Ibrahimu, kuna sala za asubuhi zenye mishumaa inayowaka, na meseji moja ya maana ya mwalimu imefukiwa katikati ya hamsini. Mke wangu akajitoa, nikaingizwa mimi. Siku ya kwanza admini akaandika, "Mama Neema umebadilisha namba?" Nikajibu hapana, mimi ni baba yake. Kimya kama dakika mbili. Alafu mama mmoja akaandika "Mama Neema yupo salama lakini?" Wakaanza kutoa pole! Ilibidi nitume sauti kueleza kwamba hakuna msiba, mama yupo hai, baba ndo kajitokeza. Grupu lina watu arobaini na tatu, wanaume tuko wawili, na yule mwenzangu nadhani aliingizwa kwa makosa maana hajawahi kuandika kitu.

Sikujua chochote. Mwalimu kaandika "kesho waje na manila", nikiwa Mtumba kwenye mkutano wa ukaguzi naanza kutafuta nani Kivule anauza manila, nampigia mangi wa dukani, hana, nampigia dada wa kazi aende duka la pili, naye anasema shemeji mbona mama alishanunua mbili ziko juu ya kabati. Ndo nikajua kuna kabati. Wiki ya pili nikasahau hela ya uji siku tatu, Neema akarudi na kikaratasi, na Mama Neema alikiona, na kwa mara ya kwanza hakugusa. Alinipigia picha ya kikaratasi akanitumia bila neno. Aibu niliyoisikia pale ofisini ni ya pekee. Ila tangu siku hiyo sijasahau uji.

Na polepole vitu vingine vikaanza kuja kwa mlango huo huo. Nikajua rafiki yake mkubwa ni nani na kwamba waligombana kwa sababu ya rula. Nikajua anamuogopa mwalimu mmoja na anampenda mwingine. Nikajua hasomi vizuri ubaoni akikaa nyuma, nikamwandikia mwalimu, akamhamisha mbele, tukampeleka macho, sasa ana miwani. Hiyo miwani, bila kuvimba kichwa, ni ya kwangu. Hata hivyo nisijipambe: Junia bado ananipa mkono wa salamu kama mgeni rasmi, "shikamoo baba", marahaba, anakimbia. Kikombe cha kijani bado hakitaki na bado sijui sababu. Juzi Ijumaa nililala kwenye treni nikapitiliza Pugu mpaka stesheni kubwa mjini, nimefika nyumbani saa sita kasoro nimenuna, mbwa kanibwekea tena. Na wiki mbili nzima mwezi wa sita, mwisho wa mwaka wa fedha, sikwenda kabisa. Wahasibu mnanielewa.

Wapo akina baba wako nyumba moja na watoto wao hapa hapa Dar na wana hali kama yangu au mbaya, wanatoka Chanika saa kumi na moja alfajiri kuwahi Kariakoo wanarudi saa nne usiku, mtoto anamuona baba yake Jumapili kama mimi. Hao hata treni ya kuilaumu hawana. Nakutana nao kwenye bodaboda tunapeana hadithi. Mmoja aliniambia yeye amechagua kuogesha. Akirudi mapema au akichelewa, mtoto asiogeshwe mpaka afike, na kama kalala basi alale mchafu. Nikamwambia si ni ukatili huo, akasema mke wake alisema hivyo hivyo.

Alhamisi iliyopita niko chumbani Ilazo napika wali, simu ikaita saa moja usiku. Namba ya nyumbani, nikajua ni Mama Neema. Ni Neema, peke yake, mama yake yuko bafuni.

"Baba, shikamoo. Kichongeo changu kimepotea."

Nikasema marahaba, tafuta kwenye begi. Katafuta. Cha Junia je? Cha Junia kimevunjika. Duka la mangi? Limefungwa, kuna msiba. Sasa mimi niko kilometa 450 nafanyaje kuhusu kichongeo, wali unaanza kushika chini. Nikamuuliza za kuandikia kesho zipo, akasema ipo moja ina ncha kidogo, ataandika polepole. Nikamwambia hebu geuza simu nione. Akageuza, mara hii sikuona dari, niliona meza, na penseli zimepangwa kwa mstari, ncha zote butu, na moja imetafunwa nyuma.

"Ziweke zote pembeni," nikamwambia. "Usiguse kisu. Ijumaa nakuja na wembe."

"Wembe wa nini?"

"Utaona. Ziko ngapi?"

Akahesabu. "Tano. Ila hii moja ni ya Junia, na ameshakula ufutio."